Gesi ya AC ya gari nimejaza mara mbili, kumbe ni filta

Wakuu, mi na vumbi la Dodoma tuna kesi ya siku nyingi. Nilivyohamishwa kikazi kutoka Dar mwaka 2019 watu waliniambia habari za zabibu na nyama choma tu, vumbi hakuna aliyelitaja. Mvua za huku zinaanza Desemba zinaisha Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwaka uishe, na mwezi wa kumi ndo usiseme, ukianika shati jeupe hapa Nzuguni asubuhi, jioni unaanua kaki.

Sasa kigari changu, Toyota ya mtumba, mwaka jana AC ikaanza kuzingua. Unaweka namba 4, feni inanguruma kama mashine ya kusaga, afu upepo unaokufikia usoni ni kama kuna mtu anakupulizia chai. Na harufu juu, ya soksi za mwanafunzi wa bweni. Nikapeleka kwa fundi mmoja (simtaji, tunasali naye), hata gari hajalizunguka vizuri kashasema "boss hiyo gesi imeisha". Sh 60,000. Miezi mitatu mbele hali ni ile ile, nikarudi, "boss itakuwa inavuja kidogo, tuongezee". Sh 60,000 nyingine. Na bado jioni natoka kazini kule Mtumba vioo vyote vinne chini, kama kilometa 17 hivi mpaka mjini, nafika nyusi nyekundu utafikiri natoka kuchoma tofali.

Juzi nikampa lifti dereva mmoja wa pale kazini, kijana mpole haongeagi. Akaweka kiganja pale upepo unapotokea, akakaa nacho kidogo kama daktari anayepima homa, akaniuliza, "Mzee, filta ya AC mara ya mwisho umebadilisha lini?" Filta ya nini? Mi najua filta ya oili na filta ya hewa ya injini, basi. Akasema ipo, imejificha nyuma ya dashibodi, upande wa abiria, pale mnaposhindilia makaratasi, na upepo wote unaoingia ndani ya gari lazima upite humo, ikiziba hata ujaziwe gesi ya mtungi mzima baridi haikufikii. Wenye lami wanabadilisha kila kilometa 15,000 au mwaka hivi, sisi wa vumbi mapema zaidi. Miaka sita nina gari. Nilinyamaza mpaka Ihumwa.

Dukani Sh 15,000, afu kijana wa duka anataka 10,000 ya kufunga. Nikamwambia asante, yaani nilivyokamuliwa kwenye gesi hata kama angeniambia 500 ningekataa.

Jumamosi nikaweka simu kwenye siti, nikafungua video, Mmarekani mmoja anafanya kwa dakika 2 huku anatabasamu. Nikafuata kila anachofanya, anavuta navuta, anabana nabana, nusu saa nimeng'oa plastiki yote chini ya usukani, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa mbuzi na filta siioni. Kumbe wenzetu usukani uko kushoto! Kwake kulia ndo kwa abiria, kwangu kulia ndo nakokaa mimi. Mama watoto alikuwa anaanika nguo, akaniangalia, akaangalia nyaya, akasema "baba, gari kesho tunaendea kanisani lakini" akaendelea kuanika.

Nikahamia kushoto. Kwanza kutoa mizigo: risiti za mafuta za tangu tumehama, pampasi (mtoto mwenyewe yuko darasa la pili), zabibu zilizojikausha zenyewe, na ufunguo wa geti ambao nilimgombeza dada wa kazi wiki nzima. Ufunguo nikautia mfukoni kimyakimya. Afu ile boksi unaibana mbavu zote mbili kuelekea ndani, unachomoa kamkono kake ka pembeni, inashuka yote mapajani. Nyuma kuna kifuniko chembamba, klipu mbili, nikavuta.

Jamani. Filta mpya ni nyeupe, imekunjwakunjwa kama sketi ya shule. Iliyotoka ilikuwa na rangi ya barabara ya Nzuguni, kwenye kila mkunjo vumbi limeshikana kama tope, majani ya mwarobaini, unyoya wa kuku, na panzi mzima kakauka kakaa vizuri kabisa kama abiria aliyelipa nauli. Ndo hewa niliyokuwa navuta mimi na wanangu.

Mzee jirani akaegemea fensi, "Mbukwenyi!" Nikaitikia. "Hiyo usitupe mwanangu, kung'uta kwenye mti irudishe." Nikaigonga mara moja tu kwenye mpapai, nguo zote za mama watoto zilizokuwa kwenye kamba zikabadilika rangi. Sitaeleza yaliyosemwa hapo.

Mpya nayo ina maneno, UP na mshale wa upepo. Mi nikapiga hesabu zangu, upepo unanipiga usoni, kwa hiyo unapanda, nikaelekeza mshale juu. Nimeshafunga kila kitu ndo nampigia yule dereva kujisifu, akacheka, akasema gari lako upepo unashuka, hiyo UP ndo inayotakiwa kuangalia juu. Nikafungua tena. Na ile plastiki ya chini ya usukani imerudi ila skrubu moja imebaki, iko dirishani mpaka leo, gari linatembea.

Jumapili asubuhi tumepanda wote, nikaweka namba 4. Kwanza likatoka wingu la vumbi lililokuwa limelala kwenye mabomba, likamkuta mama watoto na gauni lake la kitenge, nikatazama barabara kama simjui. Baada ya hapo, baridi. Baridi ya friji la bucha. Hatujafika hata Kisasa nasikia nyuma "baba punguza, mtoto ana mafua".

Nikamwambia mama, hii baridi nimeilipia mara tatu, mfunike na kitenge.