Kichochoro cha Kwenda Ufukweni: Kifungwe au Kibaki Wazi?

Anayehamia mtaa wa kando ya bahari hafuati nyumba peke yake. Hufuata pia matembezi ya jioni mchangani, mahali pa kuogelea na pa kupunga upepo. Mvutano huanza pale vivutio hivyohivyo vinapowaleta watu wa mbali, wakazi wakaanza kuulizana kama haifai kuweka geti kwenye kichochoro kinachoelekea majini.

Malalamiko yao si ya kupuuzwa. Siku za mapumziko magari huegeshwa mbele ya milango hata gari la wagonjwa likakosa njia, muziki hupigwa hadi usiku wa manane, na asubuhi anayeokota chupa ni mkazi, si mgeni aliyeziacha. Mwaka 2014 wakazi wa La Barceloneta, mtaa wa pwani mjini Barcelona, waliandamana kupinga nyumba za mtaa wao kugeuzwa malazi ya watalii wa muda mfupi, na ni vigumu kumlaumu mtu anayedai usingizi wake.

Hata hivyo, geti ni dawa isiyolingana na ugonjwa. Sheria za Kirumi zilizokusanywa chini ya Mfalme Justinian mwaka 533 zilitambua bahari na fukwe zake kuwa za watu wote, na fikra hiyo ingali hai: Sheria ya Pwani ya Hispania ya mwaka 1988 inataka, katika maeneo ya mijini, njia za waendao kwa miguu kufika baharini zisiachane zaidi ya mita 200. Utaratibu huu naona una busara kwa sababu unagawa mzigo. Njia zikiwa nyingi, hakuna kichochoro kimoja kinachobeba umati wote. Kimoja kikifungwa, umati unahamia kwa jirani, naye kesho atataka geti lake.

Isitoshe, si wageni peke yao wanaouharibu ufuo. Simama maji yakijaa karibu na ukuta uliojengwa kulinda bustani ya nyumba: wimbi linagonga, linarudi kwa nguvu na kuondoka na mchanga, hadi ngazi ya mwisho inabaki ikining'inia hewani. Ukuta umeiokoa bustani, lakini ufukwe mbele yake unazidi kuwa mwembamba. Taa kali za baraza nazo huwapoteza vitoto vya kasa, ambao wakitoka kwenye mayai usiku hufuata upande wenye mwanga, wakaelekea nchi kavu badala ya majini.

Kwa hiyo ningependelea masharti yaiguse shughuli, si mpitaji. Muziki uwe na saa ya kuzimwa, boti za kasi zitengwe na waogeleaji kwa maboya, na ada ya maegesho ilipe wazoa taka na waokoaji. Wapo wanaopendekeza suluhisho la katikati, yaani geti linalofunguliwa saa maalumu tu. Linavutia kwa upole wake, lakini halilingani na bahari yenyewe: kujaa na kupwa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na mvuvi wa ndoano au mama anayewapeleka watoto kwenye vidimbwi vya miambani hufuata maji, si zamu ya mlinzi.