Maji ya Victoria yamefika Tabora, Igombe tumemwachia nani?

Kwenye grupu letu la mtaa juzi kuna ndugu kaandika kwamba kule Igombe, kwenye bwawa lililokuwa linatupa maji sisi watu wa mji wa Tabora, sasa wapime viwanja tu, maji si tunayo ya Ziwa Victoria, bwawa la nini tena. Watu wakamgongea dole gumba, wengine wakaanza kuulizia bei ya kiwanja. Ile meseji imenikaa rohoni mpaka leo, nimeona niandike hapa kwa nafasi.

Kwanza niseme wazi, mradi wa Victoria naushukuru na ntaushukuru mpaka nakufa. Nani kasahau Tabora ya madumu? Isevya, Ng'ambo, Kiloleni, mama anaamka usiku wa manane kuwahi foleni, kiangazi kikikaza maji yanatoka na rangi ya tope, mwenye baiskeli anakuuzia dumu kwa bei anayotaka yeye. Mradi ulipozinduliwa 2021 wamama wa mji huu walitua mzigo wa miaka mingi. Hilo sibishani na mtu.

Ila hebu tuangalie haya maji yamepita wapi. Yanavutwa Ihelele kule Misungwi, pampu za umeme zinayapandisha mpaka kilima cha Mabale, yanashuka na bomba la Shinyanga na Kahama, pale Solwa ndo linachepuka tawi letu la Nzega, Igunga na Tabora. Maji ya bonde la Nile hayo. Igunga iko Bonde la Kati, huko maji ya mito ya Manonga na Wembere yanaingia ziwa Kitangiri na kuishia ziwa Eyasi, baharini hayafiki. Sisi Tabora mjini tuko bonde la Ziwa Tanganyika, mto Igombe unaingia Malagarasi na Malagarasi inamwaga Tanganyika kusini ya Kigoma. Bomba moja limeunganisha mabonde matatu ambayo Mungu aliyatenganisha, na bado Sikonge, Urambo na Kaliua wako kwenye mradi wa serikali wa maji wa miji 28, nao wanasubiri maji hayohayo.

Sasa kila ukisikia mjadala wa kuhamisha maji, watu wanaongelea kule yanakotoka tu. Misri, mkataba wa 1929 wa Mwingereza na Misri juu ya maji ya Nile, Nyerere alivyosema 1962 kwamba hatuutambui wala hautufungi kamba (na alikuwa sahihi kabisa), makubaliano ya Entebbe ya 2010 ya nchi za bonde la Nile ambayo yameanza kufanya kazi Oktoba 2024. Sawa, ni mambo ya maana. Lakini mtambo wa Ihelele ulijengwa kutoa kama lita milioni 80 kwa siku, piga hesabu ni chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde, wakati pale Jinja, Uganda, Nile inapotokea ziwani, zinapita mamia kila sekunde. Nakubali, ndoo zetu za Tabora haziwezi kulikausha ziwa.

Ninachogomba mimi ni huku yanakofika. Mji ukishaletewa maji ya mbali unaacha kulinda ya kwake, na hakuna anayeulizwa. Ni sawa na kijana aliyepata ajira mjini akauza shamba la mama yake, siku ajira ikiisha anarudi wapi?

Nendeni Igombe mkaone. Njia nzima ni magunia ya mkaa na kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, miti ya miombo iliyokuwa inashika udongo imebaki visiki. Mkulima wa tumbaku namuelewa, ndo ada ya shule ya watoto wake, lakini ule udongo ukikosa miti unaenda wapi kama sio bwawani? Sheria inasema mita 60 kutoka kwenye kingo usifanye shughuli ya kuharibu, mimi nimesimama kwenye tuta la nyanya, nikainama nikanawa mikono kwenye maji ya bwawa bila kupiga hata hatua. Pembeni kuna chupa za dawa ya kupulizia zimetupwa hapohapo. Mzee mmoja wa mtumbwi alikuwa anakuja ufukweni nikamsalimia, akaniambia, "Mjukuu wangu, zamani hapa upondo ulikuwa hauoni chini, sasa angalia." Akauchomeka, ukaishia kwenye tope usawa wa kiuno chake.

Halafu mtu anasema bwawa la nini.

La siku umeme ukisumbua Ihelele. La siku bomba likipasuka katikati ya mbuga za Shinyanga na masika yamekatisha barabara, fundi anafika lini? La mwaka ziwa likishuka, maana limeshawahi kushuka vibaya sana 2005 na 2006, ukame na maji kufunguliwa mengi Jinja, watu wa Mwanza wanakumbuka boti zilivyokuwa zinakosa pa kutia nanga. Na la watu walioko chini yetu kwenye mto Igombe ambao bomba hili haliwapitii kabisa, wafugaji na wavuvi, mpaka kwenye mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000. Tukiujaza tope mto wao sisi tunaokunywa ya Victoria, tutawaambia nini?

Wenzetu wana masharti yanayouma. Hispania wanahamisha maji ya mto Tajo kwenda Segura tangu 1979, na sheria yao inasema mabwawa mawili ya juu yakibaki na chini ya mita za ujazo milioni 400, hakuna kuhamisha hata tone, wakulima wa kusini wapige kelele wanavyotaka. Lesotho na Afrika Kusini waliandikiana mkataba 1986, anayechukua maji analipa. Hayo yote yanamlinda anayetoa, na ni haki. Mimi nataka na anayepokea naye afungwe.

Yaani kibali cha kuhamisha maji kisitoke kwa bodi ya bonde la Ziwa Victoria iliyoko Mwanza peke yake kwa sababu ndiko yanakochotwa, bodi ya bonde la Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma ikae meza hiyohiyo, na Bonde la Kati pia. Mji unaopokea uonyeshe kwa maandishi chanzo chake cha zamani unakitunzaje, nani anapima kina, nani anapanda miti, na usipofanya hivyo nyongeza ya maji isubiri. Na kwenye kila uniti tunayolipa ikatwe kiasi kiende kwenye vijiji vinavyozunguka bwawa, wapate miche na majiko banifu, wapate na mabani yanayokula kuni chache, maana huwezi kumfukuza mtu kwenye tuta lake la nyanya ukamwacha mikono mitupu halafu ukategemea atalinda maji yako.

Madiwani wetu hili liko ndani ya uwezo wenu, halihitaji mkopo wa nje. Bikoni za mita 60 zisimikwe kuzunguka Igombe nzima kiangazi hikihiki, kabla bomba halijafika Urambo na Kaliua, na atakayeleta ramani ya viwanja pale aulizwe kwanza kibali kapewa na nani.