Tanzi hufuata nyasi changa

Mhariri, makala yenu kuhusu wawindaji wa magharibi mwa Marekani wanaobadili mipango ya msimu kwa sababu moto wa nyika umewahamisha kulungu yanatuhusu hata sisi wa Nairobi, ingawa uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977. Wanyama walao majani, wa huko na wa kwetu, hawalikimbii eneo lililoungua kwa muda mrefu. Mvua ikinyesha, nyasi changa zenye lishe huchipuka juu ya majivu, nao hurudi kuzila wakiwa peupe, bila kichaka cha kuwaficha. Majangili wanalijua hilo vizuri. Mwaka jana, upande wa Kitengela, nilimwona swala tomi akichechemea penye majivu, pua imepakaa masizi, na waya wa tanzi umemzama mguuni hadi mfupa ukaonekana. Sijaisahau sura ile. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ina uzio pande tatu, na kusini ndiko kuna njia pekee wanyama waliyobakiwa nayo ya kutoka na kuingia. Kwa hiyo nawasihi wahusika waongeze doria huko na kuziondoa tanzi mara mvua za kwanza zinapoanza baada ya moto, wala wasingoje nyama ifike sokoni.