Vile nilimuua baba nipate alama

Enzi za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane Kenya, kabla haijazikwa 2023, insha ya Kiswahili ilikuwa dakika 40 na alama 40, sasa dakika 40 hizo utafikiria saa ngapi? Tulikuwa tunakariri. Mimi nilikuwa na daftari la misemo nililonakili kwa binamu yangu, pamoja na insha moja ya msiba ambayo niliijua kama jina langu, hata ukinipa kichwa cha harusi naenda harusini vizuri tu halafu gari linapinduka njiani, tushafika kwa msiba.

Darasa la saba tukaletewa mwalimu wa TP, yaani mwanachuo wa ualimu aliyekuja mazoezi ya kufundisha, kijana mpole, viatu bado vinalia kwii kwii. Akatupa "Siku ambayo sitaisahau". Nikamwaga yote. Baba yangu, jitu la miraba minne, akagongwa na lori lililokuja kwa kasi ya umeme, akaipa dunia kisogo, machozi yakanitoka njia mbili mbili. Tena nikaongeza ati siku hizi tunalala njaa, hiyo haikuwa kwa daftari, nilikuwa nimenogewa tu.

Ijumaa akarudisha vitabu. Nilikuwa na 34. Akanishika bega akasema pole sana, mimi nikajua ni pole ya kukosa 40.

Jumamosi niko nje naosha viatu, nikamuona anaingia na monita wetu, wamebeba unga pakiti nne na sukari kilo mbili. Monita alikuwa anamjua baba vizuri kabisa na alinyamaza njia nzima, hiyo sijamsamehe mpaka leo.

Marehemu mwenyewe alikuwa chini ya mwembe anatia jembe mpini.

"Poleni sana mzee," mwalimu akamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe ni ndugu ya marehemu?"

"Marehemu nani?"

Mwalimu akaniangalia. Mimi nikaanza kuosha kiatu kilichokuwa kishaoshwa.

Baba akaitisha kitabu. Akasoma pole pole, kidole kwa mstari, nikawa nangoja kiboko, mwishowe akavua miwani. "Hii miraba minne iko wapi?" Baba yangu ni mwembamba hadi mshipi ametoboa mashimo mengine mawili kwa msumari. "Na mimi naogopa barabara, kila mtu hapa anajua navuka nikishikwa mkono, hilo lori lingenipata aje? Kama ni kuniua niue na vitu vyangu. Mtu akisoma hii atalilia mtu mwingine kabisa."

Mwalimu akaniambia niandike upya hapo hapo, yeye ameketi anakunywa chai na marehemu. Nikaanza na ule mshipi. Nilipata 26, kumbe baba akiwa hai alama zinashuka hivyo.

Unga ulirudishwa. Sukari mama alikataa katakata, na kwa wiki mbili kila tukiketi kwa chai baba anasukuma kikombe mbele, "Hebu muongezeeni marehemu kijiko."