Mpeni Mwalimu Bora Kundi la Silabi

Chukua kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya 2, funika picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe mtoto wa Gredi ya 5 neno moja katikati ya mstari wa tatu. Usimruhusu aanzie juu. Anayejua kusoma atalitamka papo hapo. Aliyekariri atarudisha macho mwanzo wa ukurasa na kuziimba sentensi kwa ile sauti ya darasa zima, kidole kikitembea chini ya maneno yasiyolingana na yanayotoka kinywani, na neno ulilomwonyesha atalipita bila kulitambua.

Watoto wa namna hii si wachache katika shule zetu za umma, kuanzia Busia na Bungoma hadi Vihiga na viunga vya Kisumu. Wanapanda gredi kila Januari pamoja na wenzao. Wanafanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi, wakiwa Gredi ya 6, kisha wanaingia sekondari msingi na kukutana na masomo tisa ambayo vitabu vyake hawawezi kuvisoma. Tunabishana kuhusu maabara, vishikwambi na vyumba vya Gredi ya 9, na mabishano hayo yana haki yake. Lakini naamini kuna jambo linalotangulia hayo yote: mtoto wa Gredi ya 4 hadi 6 asiyesoma apewe saa moja kila siku ya kufundishwa pale alipofika yeye, si pale kilipofika kitabu cha gredi yake. Shule inaweza kuanza hilo muhula ujao bila kungoja waraka wowote kutoka Nairobi.

Ushahidi hatuufuati ng'ambo, uko hapa hapa magharibi mwa Kenya. Miaka ya 1990 huko Busia, watafiti walilinganisha shule zilizopewa vitabu vya kiada na zile ambazo hazikupewa. Mmoja wao alikuwa Michael Kremer, aliyekuja kushinda Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Kwa wastani, alama hazikupanda. Waliofaidika ni watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na kwa mwendo wa mtoto asiyebaki nyuma. Mwaka 2005, katika Bungoma na Butere-Mumias, shule zikapewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Shule 60 ziligawa watoto kwa alama zao za mwanzo, 61 zikagawa kwa kura. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa kiwango zilikuwa mbele, na si kwa watoto wa juu tu. Hata waliowekwa kundi la chini waliwapita wenzao waliochanganywa.

Sababu yake mwalimu yeyote anaijua. Ukiwa na watoto 70 wa viwango vitano, unafundisha wale wanaonyoosha mikono. Si ubaya wa moyo. Darasa lazima lisonge na mtaala lazima uishe. Punguza tofauti iliyo kati ya mtoto wa kwanza na wa mwisho, na mwalimu yule yule ataanza kuwaona watoto ambao jana hakuwaona.

Hata hivyo siungi mkono mikondo ya kudumu, ile ya “Gredi ya 5 A” ya werevu na “B” ya waliobaki. Mtoto akishaandikwa B, mzazi anamwita B, na mwalimu anayepangiwa B anajiona ameadhibiwa. Ninalolitetea ni kundi la saa moja, linalobadilika kila baada ya wiki nne. Saa ikiisha, kila mtoto anarudi kwenye gredi yake na rafiki zake.

Kazi huanza kwa kupima, na hapo ndipo shule nyingi huharibu. Mtihani wa kuandika hauwezi kukuambia nani anasoma, kwa sababu jibu hunakiliwa kutoka kwa jirani. Mpime mtoto mmoja mmoja, kwa mdomo, chini ya mti au kwenye kibaraza, mbali vya kutosha wenzake wasimsikie. Andaa karatasi tatu zenye maandishi tofauti na uzizungushe, maana kufikia mtoto wa kumi habari za karatasi ya kwanza zitakuwa zimefika kwenye foleni. Kila karatasi iwe na silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne na hadithi fupi ya sentensi nane hivi. Aya isiwe ngumu kuliko hii:

Omena wako juani. Kuku wa jirani amekuja. Amina anamfukuza kwa fagio. Jioni mama atapika omena.

Anza na aya. Mtoto akiisoma kwa mtiririko, bila kukosea zaidi ya mara tatu, mpe hadithi. Akishindwa, rudi kwenye maneno, achague matano. Akipata manne, yuko kiwango cha maneno. Akishindwa hapo, silabi tano. Akipata nne, yuko kiwango cha silabi. Asiyezipata anaandikwa “mwanzo”. Aliyezoea humaliza mtoto mmoja kwa dakika tatu. Watoto 180 ni dakika 540, na walimu wanne wakigawana ni saa mbili na robo kila mmoja. Tenga asubuhi mbili, wala zisiwe siku ya soko, kwa kuwa wanaokosa shule siku hiyo mara nyingi ndio hasa unaowatafuta.

Kuna kosa moja la kupima ambalo ni letu hasa watu wa huku. Mtoto wa Kijaluo akisoma “shamba” akatamka “samba”, amesoma. Mtoto wa Kiluhya akiona “baba” akasema “papa”, naye amesoma. Hiyo ni lafudhi ya nyumbani, na inanyooka polepole kwa kusikia. Mwalimu anayehesabu lafudhi kuwa kosa atajaza kundi la silabi watoto wanaojua kusoma, nao wataketi hapo wakichoka bure. Lililo kosa ni kusoma “samaki” palipoandikwa “shamba”, yaani kubahatisha kwa herufi ya kwanza au kwa picha.

Tuseme matokeo ya watoto 180 yametoka hivi: 28 wako mwanzo au kwenye silabi, 42 kwenye maneno, 55 kwenye aya, 55 kwenye hadithi. Walimu wanne, makundi manne. Sasa mwalimu mkuu ana uamuzi mmoja unaopita mingine yote: nani achukue wale 28. Mazoea ni kumpa mwanagenzi aliyefika juzi, au yeyote aliyebaki baada ya wengine kuchagua. Hapo mpango unakufa wiki ya kwanza. Kundi la hadithi linaweza kusimamiwa na mwalimu wa kawaida mwenye vitabu vya kutosha. Kundi la silabi linahitaji mwalimu mwenye subira na sikio, anayejua kwa nini mtoto amesoma “tabu” palipoandikwa “bata”. Kama huyo mwanagenzi ndiye mwenye kipaji hicho, basi apewe. Sijali barua yake ya kazi inasema nini. Lakini apewe kwa sababu anaweza, si kwa sababu ni mgeni.

Saa yenyewe iwe asubuhi, 2:20 hadi 3:20, kwa gredi zote tatu kwa wakati mmoja. Nimesikia pendekezo la kuiweka jioni baada ya masomo ili “isivuruge ratiba”. Jioni mtoto ana njaa, ana maji ya kuteka na njia ndefu ya kwenda. Na anayeishi Kakamega anajua mvua ya alasiri ikipiga mabati: hata mwalimu akipaza sauti vipi, “ba” na “pa” hazitofautiki.

Kwa kundi la silabi vifaa vyake ni hivi. Kiswahili kina irabu tano, na konsonanti za kawaida 19: b, ch, d, f, g, h, j, k, l, m, n, p, r, s, t, v, w, y, z. Zidisha kwa irabu, ongeza irabu zenyewe, unapata kadi 100 kamili. Karatasi moja ya manila ikikatwa safu tano kwa tano inatoa kadi 25, kwa hiyo seti moja ni karatasi nne. Watoto sita wanatumia seti moja; kwa watoto 28 unahitaji seti tano, yaani karatasi 20 za manila, na kalamu nene nne. Andika herufi ndogo, si kubwa. Pitisha selotepu pana juu ya kila kadi, la sivyo jasho na vumbi la chaki vitafuta wino kabla ya wiki ya tatu. Kila seti ikae ndani ya pakiti tupu ya unga ya kilo 2 yenye jina la kundi lake.

Usianze na “a, b, ch, d”. Anza na m, k, t, l na n. Konsonanti hizo tano pekee zinampa mtoto kuku, moto, kiti, tano, kalamu na limau, maneno anayoyajua, na siku ya tatu anaweza kwenda nyumbani akiwa amesoma neno zima kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ongeza konsonanti tatu kila wiki. Nyinginezo, kama ny, ng', sh, dh, mb, nd na kw, zingoje hadi zile za kwanza ziwe zinatambulika bila kusita.

Dakika kumi za kwanza ni mazungumzo: mwalimu anasimulia kisa kifupi, watoto wanasema walichoelewa. Dakika 15 ni chati ya silabi ukutani, mwalimu akisoma kwanza, kisha wote, kisha mmoja mmoja, na akiruka huku na huku ili wasiimbe kwa mpangilio. Dakika 20 wako chini na kadi, sita sita, wakiunda maneno. Ndipo mwalimu anapopiga magoti kundi kwa kundi na kusikiliza. Dakika 15 za mwisho wanaandika waliyoyaunda. Katika kundi la maneno kadi hupungua na sentensi huongezeka. Makundi ya aya na hadithi yanasoma vitabu, yanajibu maswali, yanaandika visa vyao wenyewe. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Kosa linalorudi kila mara ni kuendeleza herufi kwa Kiingereza. Mtoto anaona “maji” na kusema “em, ei, jei, ai”, kisha anaulizwa neno gani hilo. Atalijuaje? Sauti alizotamka hazimo ndani ya neno. Fundisha “ma”, fundisha “ji”, na uziunganishe. Kosa lingine ni kuadhibu lugha ya mama. Kumweleza mtoto maana ya “jirani” kwa Kiluo au Kibukusu ni kufundisha, na ile disk ya kumvisha mtoto aliyezungumza lugha ya kwao ingefaa iwe imekwisha zamani.

Halafu kuna vitabu. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na shule nyingi sasa zinavyo. Vinalala stoo vikiwa vimefungwa kwa uzi uleule viliokuja nao, kwa sababu mwalimu mkuu anaogopa kuulizwa kilichopotea. Nawaelewa. Mgao wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka hauachi nafasi ya kununua vingine, hata ukifika wote na kwa wakati. Lakini bodi ya usimamizi inaweza kukaa na kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba vitabu vichache vitachakaa au kupotea kila muhula na kwamba mwalimu hatalipishwa. Maandishi hayo machache yatafungua stoo. Kisha funga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, tundika vitabu kwa kuvifungua katikati, na watoto wawili wavihesabu kila saa ikiisha.

Baada ya wiki nne, pima tena, na walimu wabadilishane makundi siku hiyo. Mwalimu anayepima watoto wake mwenyewe huwasaidia bila kujua, kwa kutikisa kichwa tu. Rejesta ni ukurasa mmoja: jina, kiwango cha kwanza, cha wiki ya nne, cha wiki ya nane, na siku alizokosa. Hiyo safu ya mwisho usiiache. Mtoto ambaye hajasonga na hajakosa siku ni tatizo la kufundisha. Ambaye hajasonga na amekosa siku 11 ni tatizo la kwao nyumbani, au la mafuriko ikiwa ni Nyando au Budalang'i, na mzee wa mtaa atakusaidia zaidi kuliko kadi.

Watabaki wachache ambao wamehudhuria wiki kumi zote na bado wako kwenye silabi. Kabla hujaandika lolote juu ya akili zao, mhamishie mtoto benchi la mbele na umpime tena kwa kadi zilizoandikwa kwa herufi kubwa mara mbili. Kisha simama nyuma yake, sema silabi tano kwa sauti ya kawaida bila yeye kuona midomo yako, na umwombe azirudie. Akisoma vizuri zaidi kwa kadi hizo, au akishindwa kuzirudia silabi, huenda ni macho au masikio, na anapaswa kupelekwa hospitali ya kaunti ndogo pamoja na mzazi wake. Isipokuwa hayo, vituo vya EARC, vinavyopima watoto wenye mahitaji maalum, viliwekwa kwa ajili yake. Barua ya mwalimu mkuu iandikwe wiki hiyo hiyo, na iende pamoja na nakala ya ule ukurasa wa rejesta, ili anayempokea huko aone alianzia wapi na amejaribiwa nini.