Nilimwambia ashike adabu, akatazama mikono yake

Kabla sijahamia Uingereza nilifundisha darasa la awali na la kwanza Tanzania kwa miaka sita. Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 84. Mmoja wao alikuwa akiziba masikio kila kengele ilipogongwa, muda mwingi yuko nyuma ya darasa anajizungusha kama pia, na ukimshika mkono umrudishe kwenye dawati anakung'ata. Siku moja nilimwinamia nikamkaripia, "Shika adabu!" Akatazama mikono yake yote miwili. Akatazama sakafuni, kisha juu ya dawati. Alikuwa anaitafuta hiyo adabu aishike. Wenzake wakaangua kicheko, nami nikaona ananikejeli mbele ya darasa, nikamchapa.

Neno usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo inayobadili namna mtoto anavyowasiliana na kuipokea dunia (autism), nililijua, maana kila tarehe 2 Aprili, siku yake duniani, redio hulitaja. Sikujua kwamba linaweza kuwa limekaa darasani kwangu. Mimi nilimwita mtukutu. Ofisini wenzangu walikuwa na majina mengine: anadeka, kalelewa vibaya, na wapo walionong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Leo ni msaidizi wa mwalimu katika darasa la watoto wanane wenye usonji, wa miaka minne hadi sita, na watu wazima tuko watatu. Nikiwasimulia walimu wa nyumbani Tanzania, jibu ni lilelile: "Huko kuna hela, kuna vifaa." Kwa idadi ya watu wana haki, na sitabishana nao hata kidogo. Watu wazima watatu kwa watoto wanane si sawa na mwalimu mmoja kwa watoto 84, na anayesema mwalimu wa nyumbani anashindwa kwa kukosa moyo hajawahi kusimama mbele ya darasa kama lile. Kwenye vifaa ndipo ninapokataa. Kilichonigeuza mimi ni karatasi yenye safu tatu.

Safu ya kwanza unaandika kilichotangulia. Ya pili, alichofanya mtoto. Ya tatu, kilichofuata. Huruhusiwi kuandika "alikuwa mkorofi" wala "aliamka vibaya". Unaandika ambacho hata mpita njia aliyechungulia mlangoni angekiona: saa ngapi, nani alikuwa karibu, aliambiwa nini, akafanya nini, sisi tukafanya nini. Wiki yangu ya kwanza niliiona kazi ya ukarani tu. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyeng'ata wenzake, na kila mtu alikuwa na nadharia yake kuhusu mama yake. Tukaandika kwa wiki mbili. Safu ya kwanza ilipojaa, ikaonekana kwamba karibu kila anapong'ata ni asubuhi, darasa la jirani linapotumia choo kilicho nyuma ya ukuta wetu. Mle ndani kuna mashine ya umeme ya kukaushia mikono. Sisi tulikuwa tumeshaizoea, hatuisikii tena. Yeye ilimpasua kichwa, na aliyekuwa karibu naye ndiye aliyeumia. Mashine ikazimwa, pakawekwa karatasi za kujifutia. Sikumbuki kama kuna mtu aliyemwomba msamaha yule mama.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikaikumbuka kengele yetu ya chuma.

Karatasi ile ina jambo lingine, na hili liko kwenye safu ya tatu. Mtoto mmoja alikuwa akipindua sinia la kuhesabia kila zamu yake ikifika. Akipindua, tunamtoa ukumbini atulie. Tulidhani tunamwadhibu. Kumbe hesabu ndiyo aliyokuwa akiikimbia, na sisi kila siku tulikuwa tunamfungulia mlango. Nyumbani nilikuwa namwambia mtoto akapige magoti nje, nikishangaa mbona kesho anarudia. Angeachaje? Nilikuwa namlipa kwa kazi nzuri. Dawa ya yule wa sinia ilikuwa kumpunguzia hesabu mpaka tatu tu, na kumfundisha kutoa kadi yenye alama ya kupumzika. Akitoa kadi, anapumzika kidogo kisha anarudi. Siku za mwanzo alipindua sinia zaidi kuliko zamani, kwa sababu mlango aliouzoea ulikuwa umefungwa. Mwalimu asiyeonywa kuhusu siku hizo atasema njia imeshindwa, na ndipo fimbo inapotolewa kabatini.

Kuna na Kiswahili chenyewe. Huku nafundisha kwa Kiingereza, lakini nimejifunza mengi kuhusu lugha yangu. Sisi walimu tunaamrisha kwa "usi": usikimbie, usipige kelele, usiguse. Mtoto mwenye usonji ambaye lugha inamfikia polepole anabaki na mkia wa neno, kukimbia, kelele, kugusa, na hajaambiwa afanye nini badala yake. "Tembea" ni neno moja na linatosha. Tena ukishalisema, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kurudia. Ukirudia kwa maneno mengine unampa kazi mpya kabla hajamaliza ya kwanza. Halafu misemo yetu! Tega sikio, kaza macho, fungeni midomo, shika adabu. Yule mtoto wangu hakunikejeli. Alikuwa mtu pekee darasani aliyejaribu kutii nilichosema.

Ratiba ya picha ndiyo inayopigwa picha na wageni wanaotutembelea. Ni picha zilizobandikwa ukutani kwa mfuatano wa siku, shughuli ikiisha mtoto anabandua yake anaitia kwenye kisanduku. Chini yake kuna ubao mdogo wa picha mbili tu, "kwanza" na "halafu". Asili yake kubwa ni kazi ya mwanasaikolojia Eric Schopler huko North Carolina, Marekani, ambayo tangu 1972 ilikuwa mpango wa jimbo zima. Mantiki yake haihitaji umeme: neno likishatamkwa limekwenda, picha inabaki pale ukutani mtoto airudie. Wengi wa watoto hawa hawaogopi hesabu wala rangi za kuchorea. Wanachoogopa ni kutojua kinachokuja. Boksi lililokatwa na kipande cha mkaa vinaifanya kazi hiyo.

Lakini naomba tusiwasafishe wazungu. Shule za serikali za Uingereza zilichapa watoto mpaka 1987, na shule binafsi za England ziliendelea kuruhusiwa mpaka 1999. Watu wa umri wangu huku walichapwa. Na yule mwanasaikolojia Ivar Lovaas wa California, ambaye utafiti wake wa 1987 ulipeleka duniani mafunzo ya kurekebisha tabia ya saa 40 kwa wiki, miaka ya 1960 alitumia makofi na hata shoti ya umeme kwa watoto wenye usonji. Katika utafiti huo wa 1987 wenyewe bado kulikuwa na kukaripia na kofi la paja. Leo watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya namna hiyo wanasema wazi kwamba walifundishwa kujifanya, si kuishi. Mabaki yake nayaona. Mtoto wetu mmoja akifurahi hupepesa mikono kama kifaranga, na kuna mwenzangu humwambia "mikono itulie" na kumpa stika akitii. Mimi sioni mikono inayopepea inamdhuru nani. Nimelisema hilo kikaoni, nikajibiwa kwamba litaandikwa kwenye kumbukumbu.

Kuandika, hapo ndipo walipobobea. Tangu sheria ya watoto na familia ya 2014, mtoto wa England mwenye mahitaji makubwa anaweza kupata mpango wa kisheria unaotaja msaada anaostahili, na unatakiwa kukamilika ndani ya wiki 20. Waulize wazazi wa darasa langu kuhusu hizo wiki 20. Nawajua watoto waliokuwa wanarudishwa nyumbani saa sita mchana kila siku kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono, na kwenye karatasi inaitwa ratiba iliyopunguzwa. Nyumbani tunamwambia mama, "Mlete akitulia." Matokeo ni yaleyale, ila sisi hatukupoteza wino.

Ninachowalaumu watu wetu ni fimbo, na katika hilo najiweka wa kwanza. Kanuni zetu za adhabu ya viboko ni za 1979, na baadaye idadi ilipunguzwa isizidi vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mimi sikuwahi kuidhinishwa kwa maandishi na mtu yeyote, na nilichapa. Wapo watakaonijibu kwamba sisi tumechapwa na tukawa watu. Sawa. Mtoto aliyechapwa akijua kosa lake angalau anaunganisha maumivu na jambo. Yule wangu aliunganisha nini? Masikio yalimuuma kwa kengele, akaambiwa ashike kitu kisichoonekana, kisha akapigwa. Safu ya tatu nilikuwa nimeijaza kabla sijaisoma ya kwanza.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu wa zamani aliponitumia ujumbe mwaka huu, kwamba ana mtoto kama yule katika darasa la watoto zaidi ya 70, sikumtumia makala wala kumshauri aombe vifaa. Nilimwomba aandike safu tatu kwa wiki moja, nyuma ya daftari, kwa matukio ya kung'ata tu. Kengele ikaonekana siku ya pili. Sasa mtoto anatolewa kabla haijagongwa, anakwenda kusimama upande wa pili wa uwanja na kaka wa darasa la sita. Hali ikatulia sana, haikwisha.

Kisha akachora ratiba kwenye boksi: kusoma, kuandika, kucheza, nyumbani. Tatizo likawa mstarini asubuhi. Alichora watoto sita wamepanga mstari, mtoto akaitazama ile picha kwa muda mrefu, akagoma kutoka. Akasema hao ni sita, na mstarini wapo wengi. Mwenzangu ameniuliza achore wangapi. Nimemwambia achore bendera, maana bendera ni moja.