Sahihi peke yake haitoshi
Mwandishi ninayemjibu hapa anasema kuwa mkataba wa pango, yaani wa kupanga nyumba, ukishatiwa sahihi na pande zote mbili, mambo yamekwisha. Kwa heshima, sikubaliani naye. Sheria za nchi nyingi hutaka mikataba ya muda mrefu iandikwe, na pengine isajiliwe, ilhali kifungu kinachompokonya mpangaji haki aliyopewa na sheria kwa kawaida hakina nguvu hata akikitilia sahihi. Mimi niliwahi kukatwa amana, yaani fedha ya dhamana niliyomwekea mwenye nyumba, kwa ajili ya sinki lenye ufa nililolikuta hivyo hivyo, kwa kuwa hatukuorodhesha hali ya nyumba siku ya kukabidhiana funguo. Sasa naandika kila kitu, kuanzia kitasa kilicholegea hadi namba zinazosomeka kwenye mita, na mwenye nyumba hutia sahihi pembeni, ingawa wengine hununa kidogo.